Askofu aliyelala kwenye kituo cha basi



Hapa kwetu Goma, mama wawili wakikutana mara ya kwanza hawakawii kuulizana: «Wewe unasali wapi?» Swali hilo si baya. Linatusaidia kujua kwamba mwenzetu fulani hatakuja kwenye mkutano siku ya posho kwa sababu ni Mwadventisti, kwamba yule mwingine ana mazoezi ya korali jioni, na kwamba wa tatu hataonja pombe ya arusi hata akibembelezwa namna gani. Ni njia ya kujuana.

Lakini kuna siku swali hilohilo linageuka kuwa mlango unaofungwa. Tumeliona wakati wa vita. Watu wa Rutshuru, wa Masisi na wa Nyiragongo walipomiminika mjini, mama alifika mbele ya ukumbi wa kanisa, mtoto mgongoni, bidoni mkononi, mvua inanyesha, na mtu mwenye daftari akamwuliza anasali wapi kabla ya kumwuliza ana watoto wangapi. Hatutaji kanisa. Tumeliona pia katika vikundi vyetu wenyewe vya likirimba. Mwenzetu anafiwa, michango inaanza, na sauti fulani inasema polepole huko nyuma: «Wa kanisa lake hawako?»

Ndiyo maana wiki hii tumechagua kuwaandikia juu ya padiri mmoja wa nchi jirani. Jina lake ni John Baptist Odama. Alikuwa askofu mkuu wa Wakatolika wa Gulu, kaskazini ya Uganda, tangu mwaka 1999 hadi alipostaafu mwaka 2024. Wengi wetu hatujafika Gulu, lakini mambo yaliyotokea huko mtayatambua haraka kuliko mtu wa Paris au wa Roma.

Kwanza, mtu mwenyewe si mgeni sana kwetu. Alizaliwa mwaka 1947 upande wa Arua, ni Mlugbara, na Walugbara wako pande zote mbili za mpaka, huko Uganda na kwetu Aru katika Ituri. Kabla ya Gulu alikuwa askofu wa Nebbi, ng'ambo tu ya Mahagi. Kwa hiyo alipotumwa Gulu alikwenda kwa Waacholi, watu wasiosema lugha ya mama yake, katikati ya vita ambayo wakati ule ilikuwa na miaka zaidi ya kumi. Waasi wa Joseph Kony, wale wanaoitwa LRA, walikuwa wakiteka watoto vijijini. Mtoto wa kiume alipewa bunduki, wa kike alitolewa kwa kamanda awe mke. Serikali nayo iliwahamisha watu kwenye makambi, mpaka ikafika zaidi ya watu milioni moja wakiishi katika vibanda vilivyobanana, mashamba yao yakiota magugu.

Katika hali hiyo mtu angedhani makanisa yangekuwa kitu kimoja toka mwanzo. Haikuwa hivyo. Uganda ilirithi ugomvi wa zamani kati ya Wakatolika na Waprotestanti. Mwaka 1892 walipigana kwa bunduki huko Mengo, Wakatolika wakiitwa «Wafaransa» na Waprotestanti «Waingereza», kwa sababu ya wamisionari waliowaletea dini. Uhuru ulipofika mwaka 1962, ugomvi ule ulikuwa umevaa nguo za siasa: chama cha DP kilihesabiwa cha Wakatolika, UPC cha Waprotestanti. Watu walitania kwamba herufi DP maana yake ni «Dini ya Papa». Mzaha ni mzaha, lakini ulikata vijiji vipande viwili, Acholi pia.

Tusiwacheke. Sisi wenyewe tuna historia yetu. Wakati wa Wabelgiji, serikali ililipia masomo ya misioni ya Kikatolika, na wamisionari wa Kiprotestanti walingoja mpaka kisha vita ya pili ya dunia ndipo nao wakapata msaada ule. Babu zetu Waprotestanti walikua na uchungu huo. Mwaka 1974 Mobutu aliyachukua masomo yote kutoka mikononi mwa makanisa, akaona mzigo ni mzito, na kwa mkataba wa tarehe 26 mwezi wa pili 1977 akayarudishia makanisa usimamizi. Tangu hapo kila masomo ina kibao chake mlangoni: ya Wakatolika, ya Waprotestanti, ya Wakimbangu, ya Waislamu. Sisi tunaofundisha tunajua kibao kinasema jambo moja na darasa linasema lingine. Hesabu watoto wa darasa lolote la Goma, chini ya kibao chochote, utawakuta wa makanisa yote kwenye benchi moja, wanaazimana kalamu. Mzazi anatafuta masomo iliyo karibu na mwalimu anayefundisha, basi.

Turudi Gulu. Mwaka 1997 viongozi wa dini wa Acholi walianza kukutana, na mwaka uliofuata wakazindua rasmi umoja wao kwa ajili ya amani, unaojulikana kwa herufi ARLPI. Humo waliingia Wakatolika, Waanglikana, Waortodoksi na Waislamu. Odama alipofika aliukuta, akaingia, na baadaye akawa mwenyekiti wake. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwashikilia wale wazee pamoja, kwa maana kila mmoja alikuwa na sababu zake za kutengana na wenzake.

Mmoja wao tungependa mama wote wamjue: Macleod Baker Ochola, askofu wa Kianglikana wa Kitgum. Mwaka 1997 mke wake aliuawa na bomu lililofichwa barabarani. Ochola angeweza kusema: «Wamalizeni.» Hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alikuwa miongoni mwa waliosimama mbele ya serikali kuomba sheria ya msamaha, ili kijana aliyetekwa akiwa mtoto aweze kutoka porini bila kupelekwa gerezani. Sheria hiyo ilianza kazi mwaka 2000, na maelfu walirudi nyumbani kwa njia yake. Odama Mkatolika na Ochola Mwanglikana walikuja kuonekana pamoja mara nyingi hivi kwamba huko Uganda ukitaja jina la mmoja, la pili linafuata.

Mama mmoja wa kikundi chetu, tulipomsimulia haya, aliuliza: «Na mama za watoto waliouawa na hao waliosamehewa, nani aliwauliza?» Ni swali la haki na hatutalipita haraka. Katika Acholi watoto wa jirani ndio walioteka na ndio waliotekwa. Aliyeua alikuwa mtoto wa shangazi. Mama aliyeomba Kony na watu wake wapigwe mpaka wa mwisho alikuwa anaomba pia kifo cha mwanawe mwenyewe aliye huko porini na bunduki. Ndiyo sababu msamaha huo uliombwa na watu wa Acholi wenyewe, wakati wengine waliokaa mbali walitaka adhabu tu. Kwetu hapa hesabu ni tofauti, na hatusemi dawa ya Gulu inafaa kila jeraha la Kivu.

Sasa tufike mwaka 2003. Mwaka mmoja kabla, jeshi la Uganda lilikuwa limeanza operesheni iliyoitwa Ngumi ya Chuma, ya kumfuata Kony mpaka Sudani. Ngumi ilipiga, waasi wakarudi Acholi wengi kuliko mwanzo, na kuteka watoto kukazidi. Mwezi wa tano 2003 waliingia usiku katika seminari ndogo ya Lacor, kando ya mji wa Gulu, wakawachukua wavulana 41. Wengine wao hawakurudi hata leo.

Kwa hofu hiyo watoto wa vijijini walikuwa wakifanya safari kila jioni. Jua likianza kushuka, utawaona barabarani kwa mistari, wamebeba mkeka au gunia, mkubwa anamshika mdogo mkono, wanatembea kilometa nyingi kuingia mjini. Walilala kwenye baraza za maduka, kwenye kituo cha basi, kwenye viwanja vya makanisa, katika uwanja wa hospitali ya Lacor. Asubuhi walirudi vijijini, wengine moja kwa moja masomoni, bila kula. Walikuwa makumi ya maelfu. Wasichana walikuwa na hatari yao ya pekee njiani, na mama zao walijua, na bado waliwaruhusu kwenda, kwa sababu kubaki nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Sisi walimu tunaijua sura ya mtoto wa namna hiyo. Ameweka kichwa juu ya dawati saa mbili asubuhi, na ukimwita jina anashtuka kama ameitwa kutoka mbali. Tulikuwa nao hapa, wale wa Kanyaruchinya, wa Bulengo na wa Lushagala.

Mwezi wa sita mwaka huo Odama na wenzake waliamua kutoka katika nyumba zao. Siku nne mfululizo, jioni ilipofika, askofu mkuu wa Wakatolika, maaskofu wa Kianglikana, yaani Ochola na Nelson Onono-Onweng, na sheki wa Waislamu, Musa Khalil, walikwenda mjini Gulu wakalala nje pamoja na watoto wale, chini, kwenye kituo cha basi.

Siku nne. Hawakutoa unga wala dawa. Hawakuwa na askari wa kuwalinda watoto. Mtu wa hesabu angeweza kuuliza faida ilikuwa nini. Lakini fikirini mama aliyekuwa kijijini usiku ule, aliyempeleka mtoto wake mjini kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani aliyeonekana kujali, akasikia kwamba askofu naye amelala palepale. Na fikirini mtoto wa Kiprotestanti anayeamka usiku kwa baridi na kukuta karibu naye mzee wa Kikatolika, na upande wa pili sheki. Nani angemwuliza anasali wapi?

Habari ile ilivuka mipaka. Waandishi wa habari walikuja, na watoto wale wanaotembea usiku wakajulikana ulimwenguni. Mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo mkuu wa misaada ya Umoja wa Mataifa, Jan Egeland, alifika Uganda kaskazini, na akatangaza wazi kwamba dunia ilikuwa imeyasahau mateso makubwa kama yale. Mwaka 2004 umoja wa akina Odama ulipewa tuzo ya amani ya Niwano, inayotolewa Japani. Hatuna hakika watoto walijua Japani iko wapi, lakini makazi ya usiku yenye paa na walinzi yaliongezeka mjini.

Jambo moja tungependa lieleweke vizuri, kwa sababu tunajua baadhi ya mama wana wasiwasi wakisikia maneno ya umoja wa makanisa. Wanaogopa kwamba mwisho wake ni kuchanganya yote kama mchuzi wa mboga zilizobaki. Huko Gulu hakuna aliyeombwa kuacha imani yake. Odama alibaki Mkatolika, akasoma misa yake. Ochola alibaki Mwanglikana, na sheki akaswali swala zake. Hawakuanza na mabishano juu ya ubatizo wa maji mengi au maji kidogo, ambayo yangewachosha mpaka leo. Walianza na watoto.

Wala wao hawakuwa wa kwanza katika mji ule. Mwaka 2000 Ebola ilipoingia Gulu, daktari aliyeongoza mapambano katika hospitali ya Lacor, hospitali ya Wakatolika, alikuwa Matthew Lukwiya, Mprotestanti. Yeye ndiye aliyetambua ugonjwa, akabaki na wauguzi wake walipotaka kukimbia, na akafa kwa ugonjwa uleule tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili 2000. Alizikwa katika uwanja wa hospitali hiyo ya Kikatolika. Mama wa Goma waliopanga mstari kunawa mikono kwenye kila kizuizi miaka ya 2019 na 2020 hawahitaji maelezo zaidi.

Njia yao haikuwa laini. Odama alifika porini zaidi ya mara moja kuzungumza na makamanda wa waasi. Serikali iliwashuku viongozi wa dini kuwa upande wa Kony, na Kony akawashuku kuwa wapelelezi wa serikali. Mwezi wa nane 2002 mapadiri watatu wamisionari waliokwenda kuonana na waasi walikamatwa na jeshi la serikali. Kisha mwaka 2006 mazungumzo yalianza Juba, bunduki zikanyamaza Acholi, na watoto wakaacha kutembea usiku. Watu walianza kutoka makambini kurudi mashambani.

Hapa inabidi tuseme ukweli wetu kama Wakongomani. Amani ya Acholi ilikuwa na bei, na sehemu ya bei hiyo ililipwa kwetu. Kony alikuwa amehamia katika mbuga ya Garamba. Alikataa kutia sahihi mkataba wa mwisho mwaka 2008, majeshi yakamshambulia mwezi wa kumi na mbili, na waasi wakalipiza kisasi kwa watu wa Haut-Uele siku zilezile za Noeli. Faradje, Doruma, Duru: familia zilizokuwa zikisherehekea ziliuawa kwa mapanga na marungu. Viongozi wa dini wa Acholi walikuwa wamesihi mazungumzo yaendelee. Hawakusikilizwa. Baadaye walikuja kukaa pamoja na mapadiri na wachungaji wa Kongo, wa Sudani Kusini na wa Afrika ya Kati, kuwafundisha waliyojifunza: namna ya kumpokea mtoto aliyerudi, namna ya kusema na redio, namna ya kuwafanya makanisa manne watoe tamko moja badala ya manne.

Hapa Goma nasi si kwamba hatuna kitu. Lava ya Nyiragongo ya tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 iliharibu katedrali ya Mtakatifu Yosefu, ikachoma na nyumba za waumini wa kila kanisa bila kubagua, na tukakutana wote Gisenyi tumekaa chini. Mwaka 2021 tulikimbia tena, mara hii wengi wetu kuelekea Sake. Na mwaka 2025 vita ilituangukia katika juma lilelile ambalo Wakristo duniani kote wanaombea umoja wao, lile la tarehe 18 hadi 25 mwezi wa kwanza. Tarehe 27 mji ulikuwa umekwisha kuanguka. Baada ya wiki mbili hivi tuliona ujumbe wa maaskofu wa CENCO na wachungaji wa ECC wakifika Goma wakiwa kundi moja, kutafuta mazungumzo. Kila mtu ana maoni yake juu ya safari ile, na hatutaki kuingia humo. Tunasema tu kwamba walikuja pamoja, na sisi mama tuliliona.

Lakini viongozi wakubwa wanakuja na kuondoka. Mama ndiye anayebaki kwenye kata, na ndiye anayejua nani hakupika jana. Tunayo tayari siku yetu ya kuanzia: ile ya tano ya kwanza ya mwezi wa tatu, siku ya sala ya wanawake duniani, ambapo mama wa makanisa mbalimbali wanakusanyika kusali pamoja. Wengi wetu tunakwenda, tunaimba, tunapiga picha na vitambaa vyetu vizuri, kisha tunaagana mpaka mwaka ujao.

Katika mkutano uliopita tulizungumza juu ya hili kwa saa nzima, na haikuwa mazungumzo ya sukari. Mama mmoja alisema kanisa lake limemkataza kuingia katika mazishi ya dini nyingine. Wenzake hawakumlazimisha, wakamwomba apike nyumbani kwa wafiwa wakati wengine wako makaburini, akakubali. Mwingine alitaka sala ya ufunguzi ifanywe kwa zamu, kila mara kanisa jingine. Hilo lilipita, ila wengine waliomba zisizidi dakika tano, na tunaomba korali zote mbili zilielewe.

La daftari lilikuwa gumu zaidi. Daftari letu la likirimba na la misaada lina mstari ulioandikwa «kanisa» karibu na jina la kila mama. Mtunza sanduku alieleza kwamba uliwekwa zamani ili kujua nani wa kumjulisha mwanachama akifiwa, na ni kweli. Baada ya kujadiliana, tulikubali kwamba daftari jipya litaandika kwanza idadi ya watoto na kata anayokaa mama, na kanisa litaandikwa ukurasa wa nyuma, kwa anayependa.

Daftari hilo limekwisha kununuliwa. Kila mama aje siku ya mkutano na majina na umri wa watoto wake wote, pamoja na wale anaowalea wasio wake. Na kwa chumba kile tulichopewa cha kupokea wageni wa ghafla, mikeka iko sita. Tunahitaji kumi na mbili, na blanketi moja nzito kwa ajili ya mwenye mtoto mchanga.